Vichwa vya Kabari

Jumatatu, 4 Machi

Kaka yangu Gogo,

Barua yako imenifikia kwa mkono wa dereva wa lori la mbao, bahasha ikiwa na alama ya kidole chenye grisi, kwa hiyo najua hakumpa mtu mwingine. Afadhali tumeacha simu. Mara ya mwisho nilipiga kelele mpaka mafundi wakadhani karakana inaungua, nawe ukanijibu habari za mvua. Mashine ya randa imekula masikio yako. Tuandikiane tu.

Umejaza kurasa mbili kulaani birika la binti yako lililoanza kuvuja likiwa bado jipya, na viatu vilivyoachama, ukamalizia kwamba uaminifu wa biashara ulizikwa pamoja na baba. Acha hizo, kaka. Umemsahau mwuza maziwa wetu, aliyetuletea maziwa unayoweza kusoma gazeti kupitia ndani yake? Na yule wa vitambaa, aliyepima huku anavuta mpaka nguo inalia? Baba mwenyewe aliuziwa mbao mbichi na rafiki yake wa utotoni, zikajipinda zote stoo. Watu wa zamani hawakuwa waaminifu kuliko sisi. Hawakuwa na pa kulalamikia, basi. Leo kila ngazi inayotoka hapa imebandikwa karatasi: jina la karakana, namba ya simu, na uzito inaobeba, kilo mia na ishirini. Baba alibandika nini?

Mwenye duka la vifaa huko kwenu ameagiza dazeni. Nimeongeza ile moja ndefu uliyomwombea jirani yako, fundi rangi. Na kabla hujauliza: ndiyo, zote nimezipanda mwenyewe kama baba alivyotufundisha, kisigino mara mbili kwenye kila kidato, mpaka juu. Hakuna iliyolia.

Sukari yako inaendeleaje? Binti yako ananiambia siku hizi unadonoa chakula kama ndege. Nimecheka. Gogo ninayemjua mimi humaliza sufuria halafu akauliza chakula kitakuwa tayari saa ngapi.

Mdogo wako,
Njiti


Jumamosi, 16 Machi

Mdogo wangu Njiti,

Ngazi imefika bila mkwaruzo. Nimeizunguka uani kama mtu anayechagua ng'ombe, nikapitisha kiganja upande wa nje wa nguzo, na vichwa vya kabari vyote vipo, vimejipanga, kimoja juu ya kingine. Nilitaka kulia, lakini fundi rangi alikuwa amesimama hapo.

Nikampa somo. Nikamwambia, wenzetu hutoboa nguzo nusu, wakapachika kidato kwa gundi, wakakuombea dua. Kwetu kidato kinapita nguzo, kinatokea ng'ambo, kinapasuliwa kichwa, kisha kinagongewa kabari. Ukiviona vichwa hivi kwa nje, umeiona karakana ya baba yangu. Hakichomoki hata nyumba ianguke. Karatasi yako ya kilo mia na ishirini nimeibandua. Ngazi yetu haihitaji barua ya utambulisho.

Kisha nikapanda. Binti yangu akatoka jikoni na mwiko mkononi. "Baba, shuka!" Fundi rangi naye: "Mzee, ukidondoka hapo nitalaumiwa mimi, na ngazi yenyewe bado si yangu." Ni mtu wa mwili huyu; akiingia chumbani, chumba kinapungua. Yuko na shemeji yake, kaka wa mkewe, mtu mpole asiyezidisha neno, ambaye kazi yake ni kuchanganya rangi na kushika ngazi chini. Wote watatu wakaniangalia nikipiga kisigino mpaka juu. Suruali ilitaka kunivuka nikiwa huko, maana mkanda wangu nimeshauongezea matundu kwa msumari, lakini niliibana kwa kiwiko nikashuka kwa heshima zangu.

Fundi rangi alitaka naye aijaribu kabla ya kuichukua. Nikamwambia asijisumbue, ngazi imeshapandwa.

Haya, niambie sasa, hao wa makaratasi, nani kati yao anaipanda bidhaa yake mbele ya mteja?

Kaka yako,
Gogo


Jumatano, 10 Aprili

Njiti,

Habari si nzuri. Fundi rangi ameanguka. Alikuwa anapaka ukuta wa ghala la nafaka, karibu na paa, ndoo ya rangi ikiwa imening'inia mkononi. Amevunjika paja na kifundo cha mkono wa kulia, ule wa brashi. Madaktari wamemtia vyuma. Wanasema atatembea, ila kuhusu kupanda hawasemi kitu.

Ardhi ilikuwa na unyevu, mvua ilinyesha asubuhi. Lakini watu wa ghala wanasema shemeji yake ndiye aliyeachia ngazi. Mmoja anadai alimwona akijipapasa mfukoni, pengine simu iliita. Mwenyewe anaapa hakuachia. Anasema alikuwa ameikumbatia, na fundi akamshukia pamoja na kidato.

Nilikuwapo hospitali watu walipokuwa wakimhoji huyo shemeji. Mke wa fundi alikuwa analia katikati yao, huku mume, huku kaka yake. Wakanigeukia mimi, kama mtu anayezijua ngazi. Nikasema ngazi ile naijua ilikotoka, niliipanda mwenyewe, haiwezi kufanya hivyo. Nikamwambia yule bwana, kama si ngazi, basi ni mkono wako.

Fundi rangi akamwambia asikanyage tena kwake. Ameondoka jana. Wanasema amekwenda kwenye machimbo ya mawe.

Nimekuandikia ili ujue.

Gogo


Jumatatu, 15 Aprili

Kaka yangu,

Nimesikitika sana. Mfikishie pole fundi rangi na mkewe. Nimemtuma dereva na blanketi na vitu vingine vidogo, uwapelekee.

Nina maswali machache, maana mambo haya ni lazima yaeleweke. Je, aliifunga kamba kule juu? Aliisimamisha kwa mlalo wa kutosha, au iliegemea wima mno? Hiyo ndoo ilikuwa na ujazo gani? Mtu mzito akining'inia upande mmoja na ndoo, hakuna ngazi duniani inayopenda hivyo. Na unyevu umesema wewe mwenyewe.

Na ngazi yenyewe iko wapi? Isiachwe pale ghalani, watoto wataichezea waumie. Ingefaa mtu aikate kuni. Au umpe dereva airudishe huku.

Wewe usijitie presha, na dawa zako usiache. Karakana inaendelea vizuri.

Njiti


Jumapili, 21 Aprili

Njiti,

Ulivyouliza ngazi iko wapi, nikaenda kuitafuta.

Mlinzi wa ghala alikuwa ameiegesha nyuma ya choo. Nilidhani nitakuta kidato kimevunjika. Hakuna kilichovunjika. Kidato cha saba kimechomoka kikiwa kizima, safi, na gundi kavu nchani kama ugoro. Nikatia kidole kwenye tundu la nguzo, nikitegemea kitokeze upande wa pili. Kidole kikagota.

Nikatoa kisu nikaja kwa nje, palipo na kichwa cha kabari. Kikabanduka kama gamba la kidonda. Ni kisahani cha mbao, chembamba kama sarafu, na mstari wa kabari umechorwa kwa msumari wa moto. Nikabandua na cha juu yake. Na cha chini yake. Nimevijaza mfukoni, viko hapa mezani ninapoandika.

Sikuulizi kama ulijua. Kuvichora vile kunataka mkono uliotulia, na pale karakanani mkono huo ni mmoja.

Mtu angetengeneza ngazi mbovu ikaonekana mbovu, mnunuzi angechagua mwenyewe. Wewe umechukua kitu ambacho watu walikitumia kututambua, ukakibandika kwa gundi juu ya kitu kingine.

Niandikie.

Gogo


Jumamosi, 27 Aprili

Kaka,

Ni mimi.

Nilianza mwaka juzi, zilipoingia zile ngazi za bati jepesi za kiwandani. Mwenye duka la vifaa akasema wateja wanazipenda za kwetu lakini hawezi kungoja, anataka dazeni kwa wakati ambao sisi tunatoa nne. Kazi inayochelewesha ni ile ya kabari, unaijua. Nikatoboa nusu. Gundi ya siku hizi ni kali kweli, kaka, si ile ya kwato aliyokuwa akichemsha baba mpaka majirani wanahama. Nilijaribu kidato kimoja, nikakivuta kwa mikono yote miwili na mguu ukutani. Hakikutoka.

Mzigo wa kwanza ulirudishwa. Wateja walikuwa wanapapasa pembeni kutafuta vichwa vya kabari, kama ulivyowazoesha. Hapo ndipo nilipochora vya kwanza. Nilijiambia ni mapambo. Niliwaambia mafundi ni mapambo, nao hawakuuliza, na jinsi walivyonyamaza ilitosha kuniambia wamenielewa.

Kilo mia na ishirini hazikupimwa. Mchapishaji wa karatasi aliniuliza aandike ngapi, nikamwuliza wengine huandika ngapi.

Lakini kupanda nilipanda. Sikuruka hata moja. Hilo ndilo lililonituliza roho, kaka. Kila ngazi niliipanda mpaka juu na haikulia, nikasema baba angekuwapo asingekuwa na neno. Nawe ukaipanda mbele yao ikakaa kimya. Nieleze basi, sisi wawili tulipanda nini?

Nilipokuuliza habari za ndoo na kamba, nilikuwa najua. Kabla sijamaliza kusoma barua yako nilikuwa nimeshajua.

Njiti


Jumapili, 12 Mei

Mdogo wangu,

Nimechelewa kwa sababu swali lako nimelipeleka hospitali. Siku ya kliniki ya sukari nilimwambia muuguzi anisomee mzani kwa sauti. Kilo hamsini na nne. Nilipokuwa nakukabidhi karakana nilikuwa mia na kumi na kitu, na wewe sijui kama umewahi kufika hamsini. Haya, hizo ndizo kilo tulizopanda nazo.

Sikukuambia nilivyokwisha. Sikutaka uje. Kwenye barua nilikuwa bado Gogo.

Unakumbuka zile ngazi zilizokuwa zikilia chini yangu? Tulizitupa jikoni zikawa kuni, na baba akasema karakana hii haiuzi kilicholia. Nilizeeka nikijisifu kwa hilo. Nimewachosha watu wote wa mtaa huu kwa hadithi za uaminifu wetu. Njiti, mimi sikuwa mwaminifu kuliko wewe. Nilikuwa mzito. Mbao mbaya iliogopa kwenda kwa mteja kwa sababu ilikuwa inapita kwangu kwanza. Mwili ulipoondoka, iliyobaki ni ile kupiga kisigino tu, na hiyo hata kuku anaweza.

Kisha nikamzuia yule mtu asiijaribu mwenyewe. Kilo zake zingeisema ngazi ikiwa bado chini uani.

Sasa sikia aibu nyingine. Tangu nilipovibandua vile visahani, ninakwenda kwa fundi rangi kila alasiri. Ninakwenda nikiwa nimeyapanga maneno. Mke wake ananipa kiti. Tunazungumza habari za redio. Juzi fundi amenishika mkono, akasema, "Mzee, nisamehe, nimeivunja ngazi ya baba yako." Nikamwambia si kitu. Njiti, nimemwambia si kitu! Vile visahani vilikuwa mfukoni.

Mkewe hasemi naye vizuri. Chakula anampikia, lakini anampa sahani bila kumtazama. Ni kaka yake yule aliyefukuzwa.

Ninakuomba tungoje kidogo. Hata apate magongo. Mtu akiwa kitandani huwezi kumpa habari ya namna hiyo.

Gogo


Jumatatu, 20 Mei

Kaka,

Sikungoja. Nimemwandikia fundi rangi mwenyewe. Nimemweleza tundu la nusu, gundi, visahani, na karatasi, na kwamba wewe hukujua lolote siku ile uani. Nimemwambia gharama za matibabu na za nyumba ni zangu mpaka atakaposimama, na kama anataka kunishtaki nimemwekea anwani ya karakana. Dereva ameagizwa amkabidhi mkononi. Usiende kwake kabla hajaisoma.

Nilikwenda mwenyewe kwa wenye maduka. Wa huku amenirudishia zote alizonazo, nimezipasua uani mbele ya mafundi. Wa kwenu nimemkuta amebakiwa na mbili. Nilimwuliza nyingine wamenunua akina nani. Akacheka. "Dada, mtu analipa, anabeba, anaondoka. Nimwulize jina la nini?" Akanishauri nisijitangaze, kwa kuwa hakuna aliyekuja kulalamika. Nimebandika tangazo mlangoni pake. Alilibandua nikiwa bado ng'ambo ya barabara. Nikarudi, nikalibandika kwenye nguzo ya umeme.

Nilikuandikia kwamba watu wa siku hizi wana pa kulalamikia. Namba ya simu ya karakana iko kwenye kila ngazi. Simu imelia mara moja tu tangu aanguke fundi, na alikuwa mtu anaulizia bei.

Tumerudia kabari. Mafundi wawili wameondoka, kazi ni ndogo. Nimemwajiri mpagazi wa gulioni, mnene kuliko ulivyokuwa wewe, anapanda kila ngazi na gunia mgongoni. Jana moja ilimlilia. Nilijifungia stoo nikakaa juu ya mbao, maana ile ilikuwa ya kabari, ya kweli, nimeigonga mwenyewe.

Njiti


Jumatatu, 3 Juni

Dada fundi,

Mke wangu ndiye anayeandika, mkono wangu bado uko kwenye plasta. Kwa hiyo ukiona matusi machache ujue amepunguza.

Barua yako alinisomea mara mbili. Mara ya kwanza nilitaka anisomee haraka, mara ya pili nikamwambia asisome haraka. Nilikuwa nimeshakubali kwamba nimeanguka kwa uzembe wa mtu ninayekula naye sahani moja. Ukishakubali jambo kama hilo unalala nalo. Sasa umekuja kuniondolea, na chini yake nimejikuta mimi, mtu niliyemfukuza shemeji yangu nikiwa kitandani, bila hata kuweza kunyanyuka.

Pesa tutazipokea. Sikusamehe kwa sasa, usije ukadhani. Kushtaki bado sijaamua, na mke wangu anasema niliweke hilo kama lilivyo, nisilipake sukari.

Kaka yako alikuja siku ya pili yake. Akasimama mlangoni, akatoa vile vibao mfukoni akavipanga kitandani kwangu, kama mtu anayerudisha chenji. Nilimpigia kelele sana. Bahati yake hasikii vizuri. Alipotaka kuondoka mke wangu akamwambia akae. Amekaa. Bado anakuja.

Lakini jambo lililotufanya tukuandikie ni shemeji. Mke wangu alikwenda kwenye machimbo kumwambia arudi, kwamba kosa si lake. Hakumwamini. Alimwambia, "Dada, umetunga ili nirudi nyumbani." Halafu akamwambia jambo lililomrudisha mke wangu njia nzima analia. Alisema alipoapa mara ya kwanza alikuwa na hakika. Lakini watu walivyomwambia, na mimi nilivyomwambia, na yule mzee anayejua ngazi alivyomwambia, alianza kuiona mikono yake ikiachia. Anaiona kabisa. Anasema pengine kweli aliachia.

Shemeji hayaamini maneno yetu, wala ya kaka yako hawezi kuyaamini tena. Mwandikie wewe. Mke wangu ataipeleka.

Fundi rangi, kwa mkono wa mkewe


Ijumaa, 7 Juni

Ndugu yangu,

Hunijui, nami sijawahi kukuona. Mimi ndiye niliyeitengeneza ngazi uliyoishika siku shemeji yako alipoanguka. Dada yako hajatunga kitu. Kila neno alilokuambia nililiandika mimi.

Nakueleza kama fundi. Kidato cha ngazi ile kilipaswa kupita nguzo mpaka ng'ambo na kukazwa kwa kabari. Mimi nilikiingiza nusu, nikakiacha kwa gundi, halafu nikabandika alama kwa nje ili ionekane kabari ipo. Alipokikanyaga na ndoo mkononi, gundi iliachia. Kidato kilitoka kizima. Kaka yangu amekiona, na tundu amelitia kidole. Ngazi inapoachiwa chini, miguu yake huteleza na ngazi nzima hulala. Ile yako haikulala. Watu wa ghala waliikuta imesimama ukutani. Kaka yangu alikwenda kumwuliza mlinzi, naye akasema ilibidi wakuondoe mikono ndipo waitoe.

Hilo hakuna aliyemwuliza siku ile, kwa sababu kaka yangu alikuwa ameshasema ngazi yetu haiwezi kukosea, na ilikuwa rahisi zaidi kusema umekosea wewe.

Nimesikia sasa unaiona mikono yako ikiachia. Sina dawa ya hilo. Ninachoweza ni kukuandikia ninachokijua, nikitia sahihi, ili umwonyeshe msimamizi wako, na watu wa ghala, na mtu mwingine yeyote. Kama wapo wanaotaka kulisikia kwa mdomo wangu, niite, nitakuja nilisimulie mbele yao.

Hukuachia.

Mwenye karakana ya ngazi